Kilio cha Mtu Aliye Hai

Simu ya mama Bea ilinikuta ndani ya kabati. Sifanyi mzaha. Humo ndimo ninamorekodia podikasti yangu, mlango nimeufunga, vitenge vinaning'inia pande zote na kumeza mwangwi, simu moja imeegemea boksi la viatu na nyingine, ambayo ningepaswa kuizima, iko mapajani. Wasikilizaji wangu hudhani nina studio yenye vioo na kijana wa mitambo. Wana kabati la mwanamke wa makamo mtaani Katuba, na umeme ukikatika wana tochi yake. Nilikuwa katikati ya hadithi nilipoona jina la mama Bea likiwaka. Mama Bea, mke wa Placide, hapigi simu. Hutuma ujumbe wa sauti mrefu kama mahubiri, wenye salamu kwa kila mtu wa nyumbani, paka hakosi. Nikajua kabla sijapokea. «Mado,» akasema, «nkambo yako alituacha. Jana asubuhi ku opitali. Bantu beko banakuya. Weye njo mujukuu. Utakuya, ama?» Lile «ama» liliniuma kuliko habari yenyewe, kwa kuwa alikuwa na sababu ya kuuliza. Mimi na Placide tulikuwa tumesalimiana kwa miaka mingi kama watu wanaopishana benki.

Kwa asiyejua mambo yetu, mjukuu ana kazi yake kwenye kilio. Wanawake hukaa ndani kwenye magodoro yaliyotandikwa sebuleni, wanaume huota moto uani, na mjukuu wa marehemu huwachekesha wote. Huvaa koti la marehemu. Huiga mwendo wake, kikohozi chake, ubahili wake, namna alivyokuwa akiomba chumvi mezani. Jeneza likitaka kutoka, hulizuia njia mpaka amalize vituko vyake, na hakuna mwenye ruhusa ya kumkasirikia. Placide alikuwa mdogo kwangu kwa umri, lakini kwa hesabu za ukoo, ambazo zingekula ukurasa mzima na bado usizielewe, alikuwa babu yangu, nkambo kama tunavyosema. Ndiyo shule yetu ile. Kabla hatujaona maikrofoni, tulikuwa tumeshajifunza vilioni kusimama mbele ya watu wenye macho yaliyovimba na kujua ni sentensi gani itawafungua na ni ipi itakuletea kipigo. Siku hizi vijana hunialika niwafundishe sanaa ya kuchekesha, nami huwauliza mara ya mwisho walienda lini kwenye kilio wakakaa mpaka mwisho. Hunitazama kwa huruma.

Mwaka ninaotaka kuuandika ni ule ambao tulikuwa tumeanza kuitwa wasanii. Tulikuwa na ukumbi nyuma ya baa moja mjini, viti vya plastiki, jukwaa la mbao lililolia kila Placide alipohamisha mguu, na mchezo mmoja tu ambao watu hawakuuchoka: kilio cha mtu wa kubuni. Wiki hii tulimzika mwenye nyumba asiyetengeneza choo, wiki ijayo mkuu wa shule. Mimi niliandika, Placide alicheza. Ugawaji huo haukuwa na mjadala, kwa kuwa Placide hakuwa na uwezo wa kutunga hata barua ya kuomba ruhusa, na mimi nikisimama peke yangu jukwaani nilikuwa kama mtu anayesoma tangazo la kanisa. Tulifanyia kazi jikoni kwa mama Bea. Nalikumbuka jiko lile kuliko nyumba niliyolala: mbabula ya makaa mlangoni ili moshi utoke, sufuria ya bukari, ugali wetu, harufu ya bitoyo, yule samaki wa chumvi anayeingia mpaka kwenye nywele, na mimi kwenye kigoda nikisoma mistari mipya kwa sauti. Mama Bea ndiye aliyekuwa mizani. Akicheka mwiko ukiwa bado mkononi, mstari unabaki. Akiendelea kukoroga, naufuta. Hakuwahi kusema neno juu ya kazi yetu, alikoroga au aliacha kukoroga, na mpaka leo sijapata mhariri mkali kama yeye.

Patron Édouard alikuja ukumbini Jumamosi moja akakaa mbele, tumbo lake likicheka peke yake kabla ya mdomo. Alikuwa na malori yanayobeba mawe ya shaba kwenye njia ya Kinsevere, na nyumba huko Golf, mtaa wa matajiri, yenye ukuta mrefu na nyasi za kukatwa kwa mashine. Akatuita kwake. Tulikalishwa kwenye viti vya ngozi ambavyo vilikuwa bado vimevaa nailoni ya dukani, na kila tulipojisogeza nailoni ililia, Placide akawa ananitazama kwa jicho la kuniambia nisicheke. Mdogo wake patron, bwana mmoja mwembamba aitwaye Norbert, alikuwa amesimama dirishani, mikono nyuma, hakukaa. Patron alisema anachotaka kwa furaha, kama mtu anayeagiza keki ya siku yake ya kuzaliwa. «Ile kilio munafanyaka ku salle, minataka mufanye yangu. Siku ya fête yangu. Na matela, na moto, na koti yangu yenyewe, na banamuke ya hapa banalia.» Placide akakohoa. «Patron, mais weye uko muzima.» Patron akapiga goti lake kwa kiganja. «Njo maana minabaita. Nikishakufa sitasikia kintu. Miye minataka kusikia mbele.» Norbert akasema kutoka dirishani, kwa Kifaransa na kwa sauti ya chini, kwamba mambo hayo hayachezewi. Kaka yake hakugeuka hata kumtazama.

Tulipomweleza mama Bea, mwiko ulisimama, lakini hakucheka. «Muntu anapumua, munamulilia namna gani?» Nikamwambia ni mchezo tu, ni tiyatri. «Tiyatri iko ku salle,» akasema. «Kule munaenda kutandika matela mu nyumba ya bantu.» Kisha akarudi kukoroga, na bukari ya siku ile ikawa ngumu. Nimeifikiria tofauti hiyo mara nyingi tangu hapo, kati ya godoro la jukwaani na godoro la sebuleni, na kwa kweli hata leo siioni vizuri kama yeye alivyoiona. Tulikubali. Tulikuwa vijana, tulikuwa wazuri, na mtu mwenye malori alikuwa ametuomba tumchekeshe nyumbani kwake. Nilikaa na mke wake mchana mzima kwenye veranda nikikusanya tabia za patron: kwamba hulala na funguo za malori chini ya mto, kwamba husalimia madereva kwa kuuliza kwanza tairi zinaendeleaje, kwamba akikasirika hufungua friji, huiangalia ndani, halafu huifunga bila kutoa kitu. Sijawahi kuandika kitu kwa raha vile.

Na sitaomba radhi kwa kazi ile, niseme wazi. Ilikuwa nzuri kuliko zote tulizofanya. Ilikuwa Jumapili mchana, jua la mwezi wa tano, michopo ya mbuzi ikichomwa kwenye nyasi. Patron alilala kwenye godoro katikati ya sebule yake, shuka mpaka kidevuni, jicho moja wazi. Shangazi zake walilia kwa kuigiza, halafu mmoja akaanza kulia kweli, watu wakadhani ni ufundi. Placide akaingia na koti la patron na kofia yake, akazunguka chumba akiuliza kila mwombolezaji tairi zake zinaendeleaje. Akaenda mpaka kwenye friji, akaifungua, akaitazama ndani kwa muda mrefu sana, akaifunga. Marehemu alikuwa akitetemeka chini ya shuka kwa kicheko, machozi yakimwingia masikioni. Mwishoni aliinuka, akamkumbatia Placide, akasema mbele ya wote, «Sasa nilishasikia. Niko tayari.» Watu wakapiga makofi. Mama Bea, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya heshima tu, hakupiga.

Baridi ilikuwa imeingia, ile ya mwezi wa saba inayoleta vumbi na midomo kupasuka, lori lilipokatika breki kwenye njia ya Kinsevere na kuibana gari ya patron. Alikuwa ameenda kuangalia tairi. Habari ilitufikia kabla ya saa sita, na kabla ya jioni ilikuwa imeshapata mkia: kwamba hakuuawa na lori, aliuawa sebuleni mwake mwenyewe, na watu wawili wa Katuba waliolipwa kumzika akiwa hai. Niliisikia kwa mara ya kwanza sokoni, nikichagua lengalenga. Mwanamke mmoja nyuma yangu alikuwa akimweleza mwenzake jinsi tulivyochukua koti lenye jasho la mtu na kulivaa, na kwamba mwenye kuandika maneno aliyaandika kwa sababu. Yule mwuza mboga alinitazama, akanitambua, akavuta mafungu yake kidogo upande wake. Mwenye ukumbi akatuambia jukwaa linatengenezwa. Lilikuwa linalia tangu tulipolikuta, na ghafla likahitaji fundi.

Norbert alituma mtu. Tufike kwenye kilio, sote wawili, familia ina maswali. Kutokwenda kungekuwa kukiri, kwa hiyo tulienda, Placide amevaa shati lake la harusi. Getini tuligawanywa kama desturi ilivyo: yeye motoni kwa wanaume, mimi ndani kwa wanawake. Sebule ilikuwa ileile. Magodoro sasa yalikuwa mengi, ukuta hadi ukuta, na friji ilikuwa imefunikwa kitenge. Nilipokaa, wanawake waliokuwa karibu walijisogeza, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, mpaka godoro zima likawa langu. Hakuna aliyenitukana. Waliongea kwa sauti ya chini kwa Kibemba na Kiluba, na mmoja aliyekaa karibu na mlango alikuwa akitoka, akirudi, akitoka tena. Mjane hakuwa akinitazama kabisa. Mimi nilitazama friji. Nilikuwa naogopa, na pia, Mungu anisamehe, nilikuwa najaribu kukumbuka kila kitu ili nije nikiandike.

Dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto la watu, na maneno ya motoni yaliingia vizuri. Nilimsikia Norbert akiuliza, «Nani alileta hii mambo? Nani alitunga maneno?» Nikasikia viti vikisogezwa na miguu kwenye changarawe. Nikasikia kikohozi cha Placide, kile ambacho nilikuwa nikimwandikia mahali pa kukitumia. Halafu sauti yake, kubwa, ya jukwaani kabisa. «Miye njo nilifanya yote. Maneno iko yangu, matela iko yangu. Ule mwanamuke anafuataka tu. Hajue kutunga kintu.» Miguu kwenye changarawe ikasimama. Nilianza kuinuka. Nilitaka kwenda dirishani niseme ni uongo, kwamba friji ni yangu, tairi ni zangu, funguo chini ya mto ni zangu, kila kitu alichokicheka marehemu mpaka akalia ni changu. Shangazi mmoja mzee alinishika kitenge kwa nyuma na kunivuta chini kwa nguvu ambayo sikuitarajia. «Kaa,» akasema. «Alishamaliza kusema.» Nikakaa. Huko nje walimpiga Placide makofi kadhaa, wakamvua shati lake la harusi na kulitupa motoni, wakamfukuza getini akiwa kifua wazi kwenye baridi ile. Mimi niliachiwa nitoke kwa mlango wa jikoni, bila neno, kama mfanyakazi aliyemaliza kufua.

Nilimkuta jikoni kwa mama Bea amejifunika blanketi, anakunywa munkoyo wa mahindi kwa mdomo uliovimba. Nilipaswa kumwuliza kama anaumwa. Nilimwuliza nani alimpa ruhusa. «Ruhusa ya nini?» «Ya kusema sijue kutunga kintu.» Mama Bea alikuwa akikoroga, akakoroga, hakuacha. «Mado,» Placide akasema mwishoni, «uende ulale.» Hicho ndicho alichonijibu, siku ile na kila mara niliporudia swali, mpaka nikaacha kurudia, kisha nikaacha kwenda. Watu huniambia nilipaswa kushukuru, kwamba aliniokoa. Labda. Lakini alipoyabeba yote, alibeba pia kitu pekee nilichokuwa nacho duniani, nacho ni kwamba niliyaandika mimi. Mji mzima ukajua Placide ndiye mtunzi, mtunzi mwovu, lakini mtunzi, na mimi nilikuwa mwanamke aliyemfuata. Kwa hasira hiyo nilianza kuandika kweli. Niliandika michezo mifupi kwa redio moja iliyoisoma bila kutaja jina langu, halafu hadithi nilizozitia jina, halafu kitabu kimoja chembamba, na simu zilipokuwa nzuri nikaingia kabatini. Podikasti yangu niliiita Moto wa Nje. Wasikilizaji hudhani ni jina la kupendeza tu. Placide hakupanda jukwaa tena. Alijifunza kutengeneza pampu za maji, akawa fundi wa visima vya matajiri, na nilisikia kwamba miongoni mwa nyumba alizohudumia ni za Golf, hata ile yenye ukuta mrefu. Nilisikia kwa watu. Yeye mwenyewe hakuniambia.

Kwa hiyo nilipomaliza kumsikiliza mama Bea, nilizima simu ya kurekodia na kwenda. Uani kwa Placide palikuwa pamejaa, jeneza tayari limewekwa juu ya viti viwili kungoja safari ya makaburini, jua likiwa bado juu. Mama Bea alitoka ndani kwenye magodoro, jambo ambalo mjane hafanyi, akanipa koti la Placide mikononi. Lilikuwa la kahawia, lenye mafuta ya pampu kwenye mikono. Nikalivaa. Motoni, kwenye kiti cha kwanza, alikuwa ameketi Norbert, amezeeka, mwembamba zaidi, fimbo katikati ya magoti. Amekuja kumzika fundi wake. Nilipomwona, nilijua nitafanya nini. Mjukuu hakasirikiwi. Ulikuwa ni mlango pekee ambao ungefunguka kwangu, na ungefunguka mara moja tu.

Nilisimama mbele ya jeneza nikakohoa kikohozi chake. Watu wakaanza kucheka hapohapo, hata kabla sijasema, kwa sababu kilikuwa chenyewe. Nikatembea kama yeye, nikitanguliza bega. «Courant ya taa imekatika,» nikasema kwa sauti yake kubwa. «Nani? Miye njo nilifanya. Bei ya bunga imepanda? Miye. Mashimo ku barabara ya Katuba? Yote, yote, miye njo nilifanya yote.» Walicheka mpaka wanawake wa ndani wakaja dirishani. Niliacha kicheko kiishe. Kisha nikavua sauti yake, nikageukia jeneza nikiwa na koti lake bado mwilini, nikasema kwa sauti yangu, polepole, ili wa motoni wasikie kila neno: «Bongo, nkambo, ulidanganya. Kule Golf tulifanya shiye wawili. Na maneno yote ilikuwa yangu.»

Hakuna aliyecheka. Norbert alisimama kwa kuegemea fimbo, na nikadhani atanilaani, nami nilikuwa tayari, nilikuwa nimeingoja laana hiyo kwa miaka kama mtu anayengoja mshahara wake. «Mado,» akasema, bila ukali. «Tulijua. Ile siku banamuke ya ndani balishatuma jina motoni, na haikuwa ya Placide. Ilikuwa ya ule anaandikaka. Bajeune balishasimama. Balikuwa banakuya kukutoa ku matela.» Akatazama jeneza. «Ulisikia miguu, ama? Placide pia aliisikia. Njo akasema vile alisema.» Akaketi, akaiweka fimbo yake vizuri katikati ya magoti.

Nilimtafuta mama Bea. Alikuwa mlangoni, ananitazama, na usoni mwake niliona kwamba naye alijua, tangu siku ile ya munkoyo, na kwamba Placide alikuwa amemkataza kuniambia. Pale nilipokuwa nimekaa na godoro zima langu, nikitazama friji na kukusanya maneno, vijana waliokuwa wakija kunimaliza walikuwa tayari kwenye changarawe. Nilitaka kukaa chini. Lakini mjukuu halii akiwa na koti, watu wote walikuwa wakiningoja, na wabebaji walikuwa wameshainama. Nilijaribu kikohozi. Mara ya kwanza hakikutoka. Nikakijaribu tena, kikatoka vizuri, chake kabisa, na ndani ya nyumba mwanamke mmoja akacheka huku analia.

«Miye njo nilifanya yote,» nikasema kwa sauti ya Placide, na safari hii sikumbishia. Nikasogea pembeni, jeneza likapita.